Saiti Mira ya Kushoto

Jumatano, 24 Januari

Miguu sina. Tumerudi sasa hivi kutoka sikukuu ya Alasita, mimi na mdogo wangu Leandra. Saa sita mchana ndiyo saa yenyewe, na saa sita ilitukuta tumebanwa katikati ya watu, kila mmoja kashika kitu chake kidogo – nyumba za kukaa kiganjani, magunia ya mchele ya ukubwa wa kidole gumba, noti za bandia, vyeti, pasipoti. Unanunua kidogo ili mwaka ukupe kikubwa. Mzee wa ubani akavifukiza, padri akavinyunyizia maji ya baraka, tukamaliza kwa kula.

Mwaka jana nilinunua leseni ya udereva, ndogo kama stempu. Leandra alicheka mpaka akashika mbavu. Mwezi wa kumi nikapata ya kweli, yenye picha yangu nimenuna. Nani anacheka sasa? Na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe, kwa pikapu yake ya mboga, kwenye ule uwanja wa mpira usio na nyasi. Alinitukana sana. Lakini nilielewa.

Mwaka huu nimenunua gari la bati, la kijivu kama letu. Sikuomba gari. Gari tunalo, Ipsum la Severino, lipo uani. Niliomba tu niliendeshe mchana kweupe, mume wangu akijua.

Maana hajui! Yuko Calama, Chile, ng'ambo ya mpaka, anachomelea vyuma mgodini, na atarudi Karnivali. Alipoondoka alilifunika gari turubai, akatundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya picha ya Bikira, akaagiza Leandra awe analiwasha kila wiki, geti likiwa limefungwa. Mimi hata hakunitaja. Mfupi mno, anasema, kichwa changu hakitapita usukani. Nimeweka mto, kinapita.

Basi tangu Oktoba, kila alfajiri, Ipsum linabeba masufuria yangu ya api, kinywaji cha moto cha mahindi na mdalasini, na beseni la maandazi ya jibini mpaka mlango wa hospitali. Zamani nilibeba mgongoni, kwa nguo, kama mtoto asiyekua. Sasa mgongo umepona, na wateja wameongezeka. Ufunguo ukirudi msumarini, masufuria yanarudi mgongoni. Hilo ndilo linaloninyima raha. Siku ya kumwambia Severino bado sijaipata, na kwenye simu siwezi. Mambo kama haya mtu anaambiwa akiwa ameshiba.

Kigari changu kimebanwa kwenye msongamano. Saiti mira moja imeng'oka. Ya kushoto. Kitu kidogo tu.

Jumamosi, 27 Januari

Nimevunja saiti mira! Ya kushoto! Ya gari la kweli!

Ngoja niandike pole pole.

Mama Saturnina, mama yake Severino, huja kila Ijumaa kutoka Viacha kunisaidia kukaanga maandazi ya Jumamosi. Habari za mimi kuendesha anazijua, na aliapa kwamba mdomo wake ni kaburi. Alfajiri hukaa kiti cha mbele, kulia, kofia yake kichwani, kazi yake kusoma spidi. Kwa nini yeye? Kwa sababu gari letu lilizaliwa Japani na usukani kulia. Severino alilinunua bandarini Iquique akalipeleka kwa mafundi wa Oruro, wakahamishia usukani kushoto kama sheria yetu inavyotaka. Usukani ulihama, mshale wa spidi ukabaki kulekule ulikozaliwa. Dereva hauoni. Abiria ndiye anayeuona, na mama mkwe anauchunga kama mbuzi wake. "Thelathini, mwanangu, inatosha."

Basi leo, sakitu imeganda kwenye kioo cha nyuma, narudi rivasi kutoka getini. Yeye anasema, "Sifuri. Bado sifuri." Nikajiona nimeweza. Nikakanyaga mafuta.

Nguzo ya geti haijasogea tangu Severino aijenge. Ilinisubiri palepale. Krak!

Mama mkwe akasema mshale ulifika tano.

Nimekusanya vipande. Kioo kimesagika, kasha lake limepasuka katikati, waya unaning'inia. Nimefagia vyote nikavitupa kwenye gari la taka lililokuwa linapita. Nilitaka visionekane tena maishani mwangu.

Leandra alikuja jioni. Nilitegemea anipe pole. Akaingia ndani, akakitoa kigari cha bati kabatini, akakitazama ubavu wa kushoto, akaniambia, "Uliomba gari la saiti mira moja, dada. Umepewa haraka sana." Halafu akacheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Alipochoka akachomoa punje moja inayometameta kwenye vazi lake la ngoma ya Karnivali, akaigandisha kwa gundi pale palipong'oka. Eti tuanze na dogo, kubwa litafuata. Sijui nicheke au nilie. Nimecheka.

Severino anafika tarehe kumi na mbili.

Jumapili, 28 Januari

Sokoni. Soko letu la Alhamisi na Jumapili lina kila kitu alichowahi kutengeneza binadamu na akakichoka. Ukitaka jino, lipo. Tulipita kwenye milango ya magari iliyosimamishwa kama watu kwenye foleni, tukapita mabampa, tukapita mtaa mzima wa usukani. Mvua ya mawe ikatupiga, tukajibanza chini ya boneti ya lori lisilokuwepo – boneti tu, imewekwa juu ya mapipa manne ya mafuta, na chini yake mtu anauza supu. Tukanywa supu.

Saiti mira zinauzwa na mama mmoja anaitwa Basilia. Sketi ya marinda saba, kofia ya duara, glavu zilizokatwa vidole. Amezipanga juu ya turubai zikiangalia juu, ukipita unaona mawingu yanatembea chini ya miguu yako. Nikamwambia ninachotaka. Hakuniuliza kama nina pesa. Aliniuliza gari langu lilizaliwa wapi, na kama usukani ulihama. Nikasema ulihama. Akatikisa kichwa kama daktari.

Za kulia zipo kama viazi! Za kushoto hana hata moja. Nikamwuliza kwa nini, akasema nguzo za mageti za mji huu zote zinakaa kushoto. Leandra akakohoa. Nikamkanyaga.

Mzigo wa magari yaliyokatwa unapanda kutoka Iquique wiki hii. Amesema nirudi Alhamisi, mapema, kabla ya kina mama wengine. Sikuelewa kina mama gani.

Jumatatu, 29 Januari

Nimefunga kioo cha mkono cha Leandra kwa selotepu, kile cha kujipakia wanja. Kina maua ya waridi pembeni. Askari wa barabarani wa pale hospitali amekizunguka mara mbili. Nikasema leo nalala rumande. Akainama, akaweka kofia yake sawa, akaangalia meno, akaagiza api na maandazi mawili.

Ujumbe wa sauti kutoka Calama. Huwa anauliza kwa mpangilio: mimi, mama yake, gari. Leo kaanza na gari! Anataka picha. Nimeupiga picha ubavu wa kulia, turubai limekunjuliwa nusu, linapendeza kweli. Nikatuma.

Kajibu – na ubavu wa kushoto je?

Jumanne, 30 Januari

Leandra amekuja na vazi zima la ngoma. Sketi yenye waya ndani, kama meza ya arusi. Amesimama ubavu wa kushoto, mikono kiunoni, anatabasamu. Nimepiga picha. Huwezi kuona saiti mira, huwezi kuona mlango, gari lenyewe unaliona kwa kubahatisha.

Severino amejibu kwamba shemeji amenenepa. Leandra haongei na yeyote kati yetu.

Alhamisi, 1 Februari

Nimeipata! Nimeipata, nimeipata!

Nilifika wakati Basilia anafungua mafurushi. Alikuwa ameitenga, imefungwa kwenye magazeti yenye maandishi ya Kijapani. Ya kushoto. Ya Ipsum hasa. Kijivu chake kimekolea kidogo kuliko chetu, lakini baada ya mvua ya mawe nani atatambua. Akaipulizia pumzi, akaifuta kwa ukingo wa sketi, akanipa nijitazame. Nilijiona nimefurahi kama mjinga, na bei ikapanda hapohapo kwa sababu hiyo. Nimejifunza: ukinunua kioo, nuna.

Tumevutana. Nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili. Mara ya tatu niliondoka, hakuniita, nikarudi mwenyewe. Alikuwa hajauza kitu tangu asubuhi, kwa hiyo noti yangu aliibusu akajigusa nayo paji la uso na mabega, akaipitisha juu ya vioo vyote viamke. Nikaona vizuri kuwa wa kwanza.

Wakati ananifungia nikamwuliza habari za wale kina mama. Akasema kila mwaka ni hivihivi, wiki mbili kabla ya Karnivali. "Waume wanarudi kutoka Chile, kutoka Brazili, kutoka mashambani. Wiki hii nimeuza kwa wake za watu tu."

Sijawahi kujisikia vizuri hivyo. Nilipotoka nilikutana na mwanamke mnene anakimbia, ameshika mkononi kipande cha plastiki nyekundu, cha taa ya nyuma. Tulitazamana. Hatukusalimiana, lakini tulijuana.

Ijumaa, 2 Februari

Skrubu tatu na waya mmoja. Leandra ameamua kunisamehe, akaja na bisibisi. Saiti mira imeingia mahali pake – tak! – kama haijawahi kuwa kwingine. Tukapiga makofi. Mama mkwe alikuwa ameshafika, akapiga kigelegele kifupi, cha siri.

Nikakaa kwenye mto wangu. Nikatazama.

Nikajiona.

Si barabara, si geti, si nguzo. Mimi. Bega langu, hereni yangu, na kitasa cha mlango. Nikabonyeza kitufe, kioo kikazunguka kikanionyesha shavu. Nikakisukuma kwa vidole mpaka kikagoma. Sikio. Nikamwambia Leandra fundi wa Japani alikuwa amelewa.

Leandra akaingia upande wa abiria achukue bisibisi aliyoidondosha. Akatupia kioo jicho. Akasema, "Dada, mimi naona mtaa mzima mpaka kwa muuza mikate."

Nikamwambia asinitanie. Tukabadilishana viti. Kweli! Ukikaa kulia, kioo cha kushoto kinakuonyesha kila kitu, safi, nguzo ya geti imesimama wima katikati kama inapigwa picha. Nikaelewa. Kioo kilitengenezwa kimtazame dereva, na dereva wa Japani anakaa kulia. Gari letu walihamisha usukani. Kioo hakuna aliyekiambia.

Na kile cha zamani? Mbona kilifanya kazi miaka yote? Tukakaa tunakumbuka. Mama mkwe ndiye aliyekumbuka: Severino alikaa uani siku nzima na soli ya kiatu chake cha kazi, anakata, anajaribu, anakata tena, mpaka akapata kipande cha kukaza nyuma ya kioo, kikageuka kumtazama. Kipande cha soli, pamoja na akili zote alizoziweka humo siku ile, nilikitupa kwenye gari la taka Jumamosi. Nilifikiri ni uchafu.

Haraka haraka haina baraka. Najua. Nisiambiwe na mtu.

Jumapili, 4 Februari

Nimejaribu soli ya kiatu changu. Nyembamba mno. Nimejaribu kizibo, kadibodi, ganda la kiberiti. Kwenye kiberiti kioo kikalia, kii, nikaacha kabla hakijapasuka. Nimekimbia kwa Basilia. Alichungulia nyuma ya kioo, akasema kuna watu wa kukata soli na kuna watu wa kununua vioo. Nikikivunja hiki, kingine ni baada ya Kwaresima. Ana vile vya duara vidogo vya kubandika, unaona mpaka nyuma ya sikio la Mungu, lakini Severino hawezi kukiona kitu kama hicho kwenye gari lake akanyamaza. Tukakubaliana niache kama kilivyo. Kwa macho ya mtu aliyesimama nje kinafanana, na Severino atasimama nje. Jumanne ya Karnivali, siku ya kunyunyizia magari bia, watu wote husimama nje, ila kwenye honi tu, na honi haitaki kioo.

Halafu baada ya siku kuu nitamwambia. Au Pasaka.

Jana nimeendesha hivyohivyo. Mama mkwe sasa ana kazi mbili, spidi na kioo. Ameamka! Zamani, kati ya namba na namba, alikuwa anasinzia. Sasa hanyamazi: basi linakuja, mbwa, mbwa mwingine, jirani wa kona ametoka na pajama, lori la gesi, subiri, subiri, pita sasa. Nimerudi rivasi getini bila kugusa kitu, yeye ananiambia nguzo iko mbali kiasi gani kwa kupima na andazi. "Maandazi mawili. Moja na nusu. Kata." Sijawahi kutoka getini vizuri namna ile, hata kile kioo cha zamani kilipokuwepo.

Alhamisi, 8 Februari

Leandra aliingia garini akasema linanuka mdalasini. Tumeliosha. Linanuka mdalasini uliolowa. Tumeacha milango wazi siku nzima, nyuki wakaja.

Nimenunua karatasi za rangi, mapulizo, maua, peremende za kumwagia chini. Mwaka huu tutalivisha vizuri. Nalipenda hili gari. Sikupanga kulipenda.

Jumatatu, 12 Februari

Amefika.

Amekonda, amekuwa mweusi, ana alama nyeupe za miwani ya kuchomelea. Nilimwona anashuka na begi begani nikasahau yote, nikakimbia na aproni. Alinikumbatia mimi kwanza! Naandika ili nisisahau. Mimi, halafu mama yake, halafu gari.

Alilivua turubai pole pole. Akalizunguka. Akapiga teke dogo kila gurudumu. Kwenye saiti mira ya kushoto alisimama, akapitisha kidole gumba pembeni yake, nikaanza kuzungumza habari za supu. Akasema, "Umelitunza." Hivyo tu, kwa sauti ya chini. Afadhali angenigombeza. Usiku kucha nitageuka kitandani.

Mvua ilianza, hakuingia ndani ya gari. Kiti nimekirudisha nyuma. Mto nimeuficha chini ya kitanda.

Jumanne, 13 Februari

Naandika jikoni nimesimama. Sina muda. Yuko nje.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Jua, mtaa mzima fataki, kila nyumba inafukiza. Tumelivisha gari karatasi kuanzia boneti hadi nyuma, maua kwenye wipa, kigari cha bati nimekiweka juu ya dashibodi na punje yake inametameta. Severino akafungua bia, akamwagia gurudumu la kwanza, akamwambia Mama Ardhi atangulie kunywa yeye mwenye safari zote. Gurudumu la pili, la tatu, la nne. Mama Ardhi alikunywa chupa moja, Severino mbili, Leandra sijui. Mimi sikuonja. Mtu akaanza kuimba.

Wageni walikuwa hawana pa kukaa. Alfajiri, kabla Severino na mama yake hawajaamka, nililisogeza gari karibu na ukuta ili meza zitoshe. Nikalisogeza vizuri, taratibu, nikajipongeza. Halafu nikaenda kukaanga.

Kiti! Nilisahau kiti! Na mto!

Ikafika zamu ya honi. Mwenye gari huingia, akawasha, akapiga honi tatu ili mwaka usikie. Severino akafungua mlango, akainama, akaingia – magoti yakagonga usukani, kichwa kikagonga dari. Akabaki hivyo, amekunjwa kama kisu cha mfukoni. Wageni wanaimba. Mimi nimeshika sahani ya viazi.

Aliuvuta mto kutoka chini yake, akaunusa. Mdalasini. Akatazama saiti mira. Akabonyeza kitufe. Nilijua anachokiona, sikio lake mwenyewe. Akaisukuma kwa kidole gumba, kwa upole, akasikiliza nyuma ya kioo kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yenye wapangaji wapya. Halafu akanitazama mimi.

"Nieves. Kipande changu cha soli kiko wapi?"

Ningeanzia wapi? Leseni, nguzo, Basilia, askari? Kabla sijachagua, mama mkwe akatokea na furushi lake na kofia yake. Mawingu yamekuwa meusi upande wa Viacha, ana mbuzi nje, na leo hakuna basi barabarani, madereva wote wanakunywa. Severino akamwambia atampeleka yeye, mama asiwe na wasiwasi.

Mama Saturnina akamtazama mwanawe, akaitazama chupa. "Mimi sipandi gari la mlevi," akasema. "Nieves ataendesha, kama siku zote."

Kaburi limefunguka. Hata hakujua kwamba limefunguka! Alifungua mlango wa nyuma, penye nafasi ya furushi, akakaa, akapanga sketi.

Severino akauliza tangu lini. Nikamwambia, tangu Oktoba. Nikamwambia yote, sahani ikiwa mkononi – masufuria, mgongo, hospitali, mto, rivasi, nguzo. Nikamwambia nimetupa soli yake kwenye gari la taka, na kwamba hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Na nikamwambia sitabeba tena masufuria mgongoni. Hilo lilitoka lenyewe, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Wageni waliacha kuimba. Leandra akamwaga bia.

Hakucheka. Hakugomba. Alitoka garini kwa shida, mguu mmoja mmoja, akasimama ananyoosha magoti. Nikangoja aje kwangu, au aende ndani kwenye msumari. Akazunguka mbele ya gari, mkono juu ya boneti, taratibu, asiangushe maua. Akafungua mlango wa kulia. Akakaa pale. Akautazama mshale wa spidi kama hajawahi kuuona – na tangu Oruro hajauona. Akageuza shingo, akatazama kushoto, kwenye kioo. Akatazama muda mrefu.

Nikasema nachukua shali. Nikakimbilia huku.

Shali iko mabegani tangu asubuhi. Nimechungulia nyuma ya picha ya Bikira. Msumari mtupu, ufunguo uko garini. Leseni nimeitoa kwenye kopo la mdalasini, nimeiweka kifuani, imejikunja kidogo. Sijui amekaa pale kwa sababu amelewa, au kwa sababu mama yake amemwaibisha mbele za watu, au anataka kuona nikigonga nguzo kwa macho yake halafu aseme. Anaweza kusema kesho. Anaweza kusema akirudi Calama, kwenye simu.

Anapiga honi. Mkono wake umefika mpaka kwenye usukani kutoka kule kulia. Mara tatu.

Leandra ameshafungua geti. Nimechungulia dirishani: Severino amevua kofia, ameiweka magotini, bado shingo ameigeuzia kwenye kioo kile. Mama yake anamwambia kitu kuhusu maandazi, naona anaonyesha kwa vidole. Anaitikia.

Sasa ananiita kwa jina. Mvua inakuja, anasema, tuondoke. Na nguzo nisiiogope, anaiona vizuri kabisa kutoka hapo alipo.